Kadi Mia Tatu

Bwana Lefteri, Mgiriki aliyezaliwa Kilosa
kwenye mashamba ya mkonge, akazeekea Upanga,
huja dukani kwangu Mtaa wa Mkunguni
kuchapisha matangazo ya kanisa lao.
Siku moja aliipapasa rimu mpya
kama anayepapasa kichwa cha mjukuu,
akasema, "Harti."
Nikamwambia, hapa tunaita karatasi.
Akacheka hadi miwani ikateleza.
"Ndiyo hiyo hiyo, fundi.
Ilipitia kwa Waarabu tu."

Umeme ulikuwa umekatika, muda ninao.
Akavuta kigoda.
Neno lilitoka kwao, alisema, likiwa bado la mafunjo;
Warumi wakalichukua,
na walipolirithi watoto wa Warumi na majirani zao
kila nyumba ikalipinda upindo wake:
Mtaliano karta, Mfaransa kart, Mjerumani karte.
Mreno alikuja nalo pwani mfukoni,
limekatwakatwa vipande, linachezewa kamari,
likabaki kwetu karata.
Mwingereza akatuachia kadi,
na katoni, na chati ukutani kwa daktari.
"Na katuni," akamalizia, "hata katuni!"

Alipoondoka nilikaa nikitazama rafu.
Miaka kumi na tisa
nimeupanga ukoo mmoja mbalimbali
na kuuza kila ndugu kwa bei yake.

Alhamisi akaingia mama mmoja wa Muheza,
Asumini, Kiswahili chake cha Tanga kimenyooka
kama baibui lililotoka kupigwa pasi.
Kadi za mchango, harusi ya mwanawe.
Singo elfu hamsini, dabo laki moja,
ukumbi Magomeni,
maua pembeni lakini yasizidi.
Nikampa kalamu aandike majina mwenyewe,
maana watu hukosewa herufi moja wakagoma kulipa.
Akaandika:
Familia ya marehemu Hemedi Nangumbi.

Nikaenda kuwasha feni
iliyokuwa inazunguka.

Nangumbi si jina la Muheza.
Ni letu, la Masasi,
na Hemedi ninayemjua mimi
aliendesha lori la korosho,
akawa anakawia wiki, akawa anakawia miezi,
halafu akakawia moja kwa moja.
Mama hakutuambia barabara ilimpeleka wapi.
Labda hakuijua.

"Baba yako alikuwa dereva?"
"Dereva, na mwizi," akasema, hakuinua kichwa.
"Mwizi wa karata.
Mzungu wa nne alimficha chini ya kobazi."
Mashine ikagonga mara tano, mara sita.
"Kobazi la kushoto," nikasema.

Akaiweka kalamu chini.

Yeye alitazama masikio yangu,
mimi nikatazama vidole vyake,
kama watu wawili wanaosoma neno moja
lililoandikwa kwa hati mbili.
Mteja mwingine akaingia, akataka fotokopi ya cheti,
pande zote, nakala nne.
Nikamtolea. Nilimtolea nakala saba.

Jumatatu Asumini akarudi kuchukua mzigo.
Kadi mia tatu ndani ya katoni,
na juu ya katoni karatasi ya risiti
ambayo sikuiandika bei.
Akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma.
Akafungua mkoba, akahesabu noti,
akazilaza mezani moja moja.
"Biashara ni biashara, kaka."

Kaka.
Kariakoo huitwa hivyo kila mwanamume,
hata aliyekukanyaga, hata anayekupunja nyanya.
Neno limechakaa kwa kupita midomoni.
Safari hii liligota mahali,
na nilijua kwamba naye alilisikia likigota,
kwa sababu alijifanya kutafuta ufunguo.

Alinidai chenji, elfu mbili.
Ilikuwepo kwenye droo.
Sikumpa.
Anayekudai hurudi.